Kwa nini jenereta kubwa haijazi betri za karavani upesi

Malalamiko huwa yale yale kila likizo ya Agosti inapokaribia na watu wanapoanza kupeleka magari yao ya kambi gereji: "Fundi, nilikuwa na jenereta ya kVA 1, nikaiuza nikanunua ya kVA 3, na bado betri hazijai." Hiyo kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta, volti-ampea elfu moja. Mwenye gari ametoa pesa nzito na jenereta inanguruma vizuri. Anaanza kumshuku muuzaji wa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, au anaamini betri ni feki. Mara nyingi muuzaji hana kosa na betri hazina tatizo. Pesa ndizo zimewekwa mahali pasipohusika.

Jenereta haiigusi betri. Inatoa stima ya volti 240 kama ile ya nyumbani, na betri ya volti 12 haina namna ya kuipokea. Katikati yao pana chaja, na chaja ndiyo inayoamua ni ampea ngapi zipite. Chaja ya ampea 10 itatoa ampea 10 ukiichomeka ukutani, itatoa 10 kwenye jenereta ndogo, na itatoa 10 hizo hizo hata kwenye jenereta ya jumba zima la Upper Hill. Ile soketi ndogo ya volti 12 iliyo ubavuni mwa jenereta nayo isikudanganye. Kwa kawaida hutoa ampea 8 hivi bila kudhibiti volti, na imewekwa pale kwa ajili ya kuamsha betri ya gari iliyolala, si kuendesha nyumba.

Tuchukue karavani ya kawaida ya Nairobi: HiAce iliyong'olewa viti, ikawekewa kitanda, sinki na friji ndogo. Ina betri mbili za risasi za Ah 100 kila moja (Ah ni ampea-saa, yaani ampea moja kwa saa moja), zimeunganishwa sambamba zikawa Ah 200. Friji ya kompresa ya volti 12 huvuta ampea 4 au 5 inapozunguka, na kwa kuwa huzunguka takriban theluthi moja ya muda, kwa siku hula kama Ah 40. Taa za LED, pampu ya maji, simu na kompyuta ya mkononi huongeza kama Ah 20. Jumla ni Ah 60 kwa siku. Betri za risasi hazidumu zikishushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo kati ya zile 200 unazoweza kutumia ni 100. Siku ya pili haijaisha utakuwa unatafuta chaji.

Sehemu inayowachanganya wengi ni jinsi betri ya risasi inavyojaa, kwa sababu haijai kwa mwendo mmoja. Mwanzoni chaja husukuma ampea zake zote, na volti hupanda polepole hadi 14.4 au zaidi kidogo. Betri ikikaribia asilimia 80, chaja huacha kupandisha volti na kuzishikilia hapo hapo. Kuanzia wakati huo betri yenyewe ndiyo hupunguza mkondo: ampea 40 huwa 25, kisha 12, kisha 5. Mwishoni kabisa chaja hushusha volti hadi 13.6 hivi, kiasi cha kuizuia tu isishuke. Ni kama matatu inayojaza pale stendi. Abiria kumi wa kwanza hupanda kwa mpigo, lakini wale wanne wa mwisho lazima kondakta awapange mmoja mmoja, huyu asogee, yule apakate mzigo. Kuongeza umati nje ya mlango hakuharakishi lolote.

Sababu iko ndani ya betri. Betri inapotumika, bamba za risasi hufunikwa na salfeti. Ili ijae, salfeti hiyo lazima iyeyuke na asidi irudi kwenye maji, ikipenya vitundu vidogo vya bamba. Mwanzoni kazi iko juu juu, ni rahisi. Mwishoni iko ndani, na hufuata muda wake. Ukilazimisha kwa kuongeza volti, nguvu ya ziada huyavunja maji ya betri na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikipata cheche.

Sasa weka namba. Umetumia Ah 100, betri ziko nusu, na chaja yako ni ya ampea 40. Kutoka asilimia 50 hadi 80 au 85 ni Ah 60 hadi 70, na hizo utazipata kwa saa mbili hivi. Zile 30 au 40 zilizobaki zitachukua saa nne, tano, hata sita. Ukikaa na jenereta hadi mwisho, sehemu kubwa ya petroli yako imechomwa kusukuma ampea ambazo paneli moja ya sola ingezileta bure. Ukiwa na chaja ya ampea 10, hali ni mbaya zaidi. Jenereta ndogo ya petroli hula karibu nusu lita kwa saa hata inapofanya kazi hafifu, na chaja hiyo inavuta wati 170 tu. Unachoma mafuta kuzungusha injini, chaji ni masalio.

Hapo mtu huhitimisha: basi nitazima jenereta kila mara ikifika asilimia 85. Kwa siku tatu nne, sawa. Lakini betri ya risasi isiyojazwa kabisa kwa wiki kadhaa huachwa na salfeti inayogeuka kuwa fuwele ngumu, na hiyo haiyeyuki tena. Ndipo unasikia "betri haishiki chaji", ilhali ilinunuliwa mwaka jana. Betri inataka ijazwe hadi juu angalau mara moja kwa wiki au siku kumi, na jenereta ndicho kifaa kibaya zaidi cha kuijaza hadi juu. Hakuna njia ya kuikwepa hali hiyo kwa kununua jenereta nyingine. Njia iliyopo ni kugawanya kazi: jenereta ifanye saa mbili za asubuhi, wakati betri ina njaa na inapokea kila inachopewa, kisha jua lichukue zile ampea chache za mchana kutwa. Wengi hufanya kinyume. Husubiri jua litoe kidogo, halafu huwasha jenereta jioni betri ikiwa na asilimia 80, wakati ambao haina haja ya haraka hata kidogo.

Jenereta ya ukubwa gani, basi?

Ampea 40 kwa volti 14.4 ni wati 576. Chaja hupoteza kiasi kwa joto, kwa hiyo huvuta karibu wati 680. Kama huo ungekuwa mwisho wa hesabu, jenereta ya kVA 1 ingetosha. Lakini chaja nyingi za bei nafuu huvuta mkondo kwa mapigo, si kwa ulaini, na jenereta hulazimika kubeba zaidi ya wati zinazotumika. Ndiyo maana jenereta huandikwa kVA wala si kilowati. Chaja ya wati 680 isiyo na marekebisho ya mkondo (power factor correction, au PFC) inaweza kuilemea jenereta kwa volti-ampea 1,000 au zaidi. Chaja bora, iliyoandikwa kuwa ina marekebisho hayo, hubaki karibu na 700. Tofauti hiyo ya bei kati ya chaja mbili mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya jenereta mbili, na sioni kwa nini watu huifikiria mwisho.

Kisha kuna jambo ambalo karatasi ya jenereta hulitaja kwa herufi ndogo. Nguvu zilizoandikwa zimepimwa mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu yake, na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo hapa mjini umeshapoteza karibu moja ya tano kabla hujaiwasha. Jenereta inayouzwa kama kVA 2 kwa kawaida hutoa 1.6 mfululizo, ile 2 ikiwa ya muda mfupi tu. Nairobi 1.6 hiyo inakuwa 1.3 hivi. Ukipanda Nyahururu, zaidi ya mita 2,300, unabaki na chini ya 1.2. Ile ya kVA 1, yenye 0.9 ya mfululizo, hapa inatoa 0.7, na chaja ya bei nafuu ya ampea 40 itaizima mara tu inapoanza kazi. Ukishuka Magadi, kama mita 600 juu ya bahari, jenereta ile ile inapata pumzi tena na unadhani fundi ameitengeneza.

Magadi, hata hivyo, joto huila betri. Nyuzi 35 au 38 ndani ya sanduku la betri si ajabu, na betri ya risasi inayoishi kwenye joto la nyuzi kumi zaidi ya kawaida hupoteza karibu nusu ya umri wake. Joto pia hutaka volti za kuchajia zishushwe kidogo. Chaja yenye kipima joto cha kubandikwa kwenye betri hufanya hivyo yenyewe. Isiyo nacho huendelea na 14.4 na kukausha maji.

Kazi ya kupika na kuchemsha iachie mtungi wa gesi. Birika la umeme la wati 2,000 halina mahali kwenye hesabu hii. Kupitia inveta, kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa 240, lingevuta zaidi ya ampea 180 kutoka kwenye betri za volti 12, na kwenye jenereta ya kVA 2 hapa Nairobi halitawaka kabisa. Mtungi wa kilo 6 utakupikia safari nzima.

Barabara nayo inachaji

Wengi hutegemea alterneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari: gari likitembea, betri za nyuma zijae. Inawezekana, ila mambo mawili huliharibu. La kwanza ni waya. Kutoka mbele hadi nyuma ya HiAce, tuseme mita 6 kwenda na 6 kurudi. Ukitumia waya wa shaba wa milimita 6 za mraba na kupitisha ampea 30, volti moja nzima inapotea njiani. Alterneta inatoa 14.2, betri inaona 13.2, na haijai hata ukiendesha hadi Moyale. Waya wa milimita 16 za mraba hupoteza volti 0.4 tu. Watu hulipia paneli na jenereta bila kusita, kisha hubishana bei ya waya. Na kila mwisho wa waya huo, mbele na nyuma, uwekwe fyuzi karibu na betri. Waya mnene ukigusa bodi bila fyuzi huyeyuka na kuwasha gari zima.

La pili ni ujanja wa magari mapya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo magari mengi yanayofika sasa ni ya kizazi ambacho kompyuta huiongoza alterneta. Betri ya kuwashia gari ikijaa, volti hushushwa ili kuokoa mafuta, wakati mwingine hadi chini ya 13. Ile relei ya kawaida inayounganisha betri za mbele na za nyuma husoma volti hizo, hudhani gari limezimwa, na kukata. Dawa yake ni chaja ya betri kwa betri, inayopokea volti zozote kutoka mbele na kutoa 14.4 nyuma. Ya ampea 30, kwa mwendo wa saa moja na nusu hadi Naivasha, inakupa kama Ah 45, robo tatu ya matumizi ya siku.

Msongamano wa Mombasa Road ni hadithi nyingine. Injini ikinguruma taratibu, alterneta huzunguka polepole, hutoa sehemu tu ya uwezo wake, na feni yake haipulizi vya kutosha kuipoza. Betri za lithiamu zikiunganishwa moja kwa moja hapo, bila chaja katikati, huvuta kila kilichopo bila huruma. Alterneta huungua hivyo, kisha lawama huenda kwa fundi wa mwisho aliyeigusa.

Jua la Nairobi

Mji uko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli iliyolala bapa juu ya paa hufanya kazi vizuri mwaka mzima. Iinamishe kidogo tu ili mvua iioshe vumbi. Paneli ya wati 200, kwa saa tano za jua kamili na hasara za kawaida, hutoa kama wati-saa 750, yaani Ah 57 hivi: karibu kabisa na zile 60 tulizohesabu. Kwa namba hizo mtu angeweza kuiacha jenereta nyumbani. Tatizo ni kwamba kuanzia Juni hadi Agosti mawingu mazito hukaa juu ya Nairobi na Limuru siku nyingi hadi saa sita au saba mchana, na mavuno yanaweza kushuka hadi nusu. Likizo ya Agosti inaangukia hapo hapo. Kama unakaa nyanda za juu miezi hiyo, ongeza paneli ya pili au ukubali saa moja na nusu ya jenereta asubuhi. Ukishuka bondeni, mara nyingi mawingu unayaacha juu ya Ngong.

Kivuli ndicho adui ambaye watu hawamtambui. Kila mtu hupenda kuegesha chini ya mgunga, na friji pia hupumzika kwenye ubaridi. Lakini kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli kinaweza kuangusha mavuno ya paneli nzima, kwa sababu seli zake zimeungwa mfululizo na ile dhaifu huzibana nyingine. Paneli ya kukunja yenye waya wa mita 5 au 6, iliyowekwa juani huku gari likiwa kivulini, huondoa ubishi huo.

Je, ukihamia lithiamu? Betri za aina ya fosfeti ya chuma hubadili hesabu ya jenereta kabisa. Hupokea mkondo kamili karibu hadi mwisho, kwa hiyo Ah 100 kwa chaja ya ampea 40 ni saa mbili na nusu, basi. Unaweza kutumia asilimia 80 ya uwezo wake bila kuiumiza, na haidhuriki ikiachwa nusu. Kwa mtu anayepiga kambi siku nyingi mawinguni, hapo ndipo pesa ya jenereta kubwa ingestahili kwenda. Ila chaja ya zamani yenye hatua ya kusafisha salfeti, inayopandisha volti hadi 15 au zaidi, itaifanya saketi ya ulinzi ya lithiamu ijifunge. Tafuta chaja yenye mpangilio wake.

Pia usiipime kwa volti. Betri ya risasi iliyopumzika saa kadhaa husema ukweli: 12.7 imejaa, 12.2 au chini kidogo iko nusu. Lithiamu husimama karibu na 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari yake, kisha huanguka ghafla. Kwa aina zote mbili, kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka, kikiwa kimefungwa kwenye waya hasi, kitakuambia zaidi ya mita yoyote ya volti. Wengi wakishakiweka hugundua inveta iliyoachwa ikiwaka bure inakula zaidi ya taa zao zote.

Kuna kosa moja la waya ambalo huonekana hata kwenye kazi nzuri: chaja imechomekwa kwenye soketi zile zile zinazolishwa na inveta. Stima ya nje ikikatika, inveta inachukua nguvu kwenye betri, inaipa chaja, chaja inairudishia betri, na kila mzunguko hupoteza sehemu kwa joto. Asubuhi betri ziko chini na hakuna aliyetumia kitu. Chaja iwe na soketi yake inayopata stima ya nje au jenereta peke yake, na swichi ya kubadilishia ihakikishe kwamba vyanzo viwili havikutani kamwe. Waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, ule wa kurudishia stima kupitia soketi, ni wa kukatwa vipande na kutupwa. Meno yake yakiwa wazi yana volti 240.

Jenereta ikae nje, mbali na karavani, moshi wake ukielekea upepo unakokwenda na si madirishani. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Usiiweke chini ya gari, wala kwenye hema la mlangoni hata kama mvua inanyesha. Kengele ya gesi hiyo ni kifaa kidogo cha betri, iwekwe karibu na kitanda.

Mwisho ni gari linapoegeshwa. Redio, alamu, kengele ya gesi na vitaa vya kuonyesha huvuta labda ampea 0.1 kwa pamoja, namba inayochekesha. Kwa siku ni Ah 2.4, na betri zetu za Ah 200 hufika nusu ndani ya wiki sita, zikiwa zimekaa tu Lang'ata bila kuendeshwa. Za risasi zichomekwe kwenye stima kupitia chaja yenye hatua ya mwisho ya volti 13.6 na ziachwe hapo. Za lithiamu ziachwe zikiwa nusu au zaidi kidogo, halafu swichi kuu izimwe.